Kusomea kuhudumia watu wenye ulemavu Australia: jibu refu kwa mkuu aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Mkuu umeuliza kuhusu mdogo wako wa kike, kamaliza form six, ajenti kamwambia aende Australia akasome cheti cha kuhudumia watu wenye ulemavu, kozi fupi, anasoma huku anapiga kazi na mwishowe ukaazi unakuja wenyewe. Ukauliza kozi ngumu? na kama hiyo habari ya ukaazi ni kweli. Mimi kozi hiyo nimeisoma Adelaide kwa viza ya mwanafunzi, saa hizi nasoma uuguzi na wikendi bado napiga shifti za ulemavu, kwa hiyo naandika nilichokiona.

Nianze na hela na viza nimalize mapema, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi tangu Julai 2025 ni dola 2,000 za Australia na hairudi hata ukikataliwa. Bado uonyeshe una dola 29,710 za kuishi mwaka mmoja, nje ya ada ya chuo na nauli, bado bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni ambayo ni lazima. Kazi ni saa 48 kwa wiki mbili masomo yakiwa yanaendelea, likizo hakuna kikomo, na huruhusiwi kuanza kabla kozi haijaanza. Sasa piga hesabu, cheti kinataka saa 20 za darasa kwa wiki, ongeza kazi, ongeza kupika na kufua, halafu mtu anakwambia dogo atajilipia ada mwenyewe na kutuma hela nyumbani mwezi wa pili. Labda asilale.

Na ukaazi. Cheti cha ngazi ya tatu au ya nne cha ulemavu peke yake hakikupi ile viza ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo, hapo ajenti anamwongopea. Kuna mkataba wa sekta ya wazee ulioanza 2023, mwajiri aliye ndani ya mkataba anaweza kumdhamini mtu na njia ya ukaazi ikafunguka baada ya miaka miwili ya kazi ya muda wote, lakini ule ni wa huduma za WAZEE, na mwajiri awe nao. Ukikaa kwenye ulemavu tu haukugusi. Ndio maana wengi wetu tunakifanya cheti kiwe ngazi ya kwanza halafu tunaenda uuguzi, ambao upo kwenye orodha ya fani wanazozitafuta. Kama dogo ana PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na uuguzi upo kichwani mwake, mpango unasimama. Kama ana HGL (historia, jiografia, lugha) na hajawahi kuwaza habari za afya wala ustawi wa jamii, kwenye fomu ya viza kuna maswali ya kwa nini kozi hii, kwa nini Australia, itamsaidia nini baadaye, na majibu ya kuandikiwa na ajenti yanafanana mno, wale jamaa wa viza wanayasoma kila siku.

Chuo nacho. Hakikisha kozi yenyewe ipo kwenye CRICOS, rejista ya serikali ya kozi zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni, sio jina la chuo tu, KOZI. Kuanzia mwishoni mwa 2024 mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi kule, ASQA, imefuta vyeti vya maelfu ya watu kwa sababu vyuo vilikuwa vinavigawa bila kufundisha, na wapo waliokuwa tayari kazini. TAFE ni vya serikali, ada yake kwa mgeni iko juu, lakini usiku unalala. Chuo kikikwambia fildi hutaenda, watakusainia tu, kimbia. Fildi ya kozi hii ni saa 120 kwenye kituo cha kweli na watu wa kweli, hulipwi, ila hazihesabiwi kwenye zile 48 kwa kuwa ni sehemu ya kozi.

Haya, kozi ngumu? Kusoma sio kugumu. Kiingereza cha form six kinatosha ukiongeza bidii, na masomo mengi ni vitu vya kushika kwa mikono, kumhamisha mtu kutoka kitandani kwenda kwenye wiliche kwa hoisti, ile mashine ya kunyanyulia, bila kumuumiza na bila kuvunja mgongo wako, kumlisha mwenye shida ya kumeza, unakuta maji yake yanawekwa unga wa kuyafanya mazito kwa kiwango alichoandikiwa na mtaalamu, ukikosea anapaliwa na yanaingia kwenye mapafu. Kuwasiliana na asiyeongea kwa picha, kwa ishara, kwa macho. Hivi vyote vinafundishika.

Kinachowatesa watu waliokulia kwetu ni kingine. Sisi tumelelewa kwamba kumsaidia mtu ni kumfanyia. Mgonjwa akija nyumbani hanyanyuki, kila kitu analetewa, ukimuacha ahangaike watu watakuona huna utu. Kule ukimfanyia mtu kitu anachoweza mwenyewe umeharibu kazi. Mfumo wao wa NDIS, yaani bima ya taifa ya watu wenye ulemavu, ulioanzishwa kwa sheria ya 2013, unampa mtu fungu lake la hela na malengo yake, yeye ndiye anasema anataka nini kwenye maisha yake na wewe sapoti waka, yaani mhudumu wake, umelipwa kumfikisha huko.

Nitoe mfano wa fildi yangu. Kulikuwa na kijana ana Down syndrome, lengo lake lilikuwa kupanda treni peke yake kutoka Salisbury, pembeni ya Adelaide, mpaka mjini, basi. Mwanzo mfanyakazi anakaa naye siti moja. Kisha anakaa siti za nyuma. Kisha behewa lingine kabisa, na kijana ana simu yenye picha za stesheni na namba ya kupiga akipotea. Mama yake alikuwa anatetemeka kila siku ya mazoezi, na mimi nilikuwa upande wa mama. Siku moja akapitiliza stesheni, mfanyakazi hakuinuka, akamwacha ashuke mbele asome ubao avuke upande wa pili arudi. Mimi roho juu. Baadaye msimamizi akanielezea kwa utulivu kwamba mtu mzima ana haki ya kujaribu na kukosea kama wewe ulivyopotea mara ya kwanza umefika mjini, ukimnyima hiyo umemfungia ndani hata kama mlango uko wazi. Hakuna mtihani wa darasani ulionipa shida kama kukaa kwenye lile behewa bila kunyanyuka.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni vitu ambavyo kwetu tungeona ni malezi mema kumbe kule ni kosa. Kufunga friji kwa kufuli kwa sababu mtu anakula kupita kiasi, hicho wanakihesabu ni kizuizi, na vizuizi vinavyodhibitiwa viko vitano: kumfungia mtu peke yake, kumtuliza kwa dawa, kumfunga kwa vifaa, kumshika kwa nguvu, na kuyazuia mazingira yake, friji imo kwenye hiki cha mwisho. Bila mpango ulioandikwa na mtaalamu na kupewa idhini hufungi, na ukifunga inaripotiwa kwa tume inayosimamia huduma za NDIS. Hawakuanza kuwa wakali bure, tume yao ya kifalme ya uchunguzi ilikaa kuanzia 2019 mpaka 2023 ikisikiliza jinsi watu wenye ulemavu walivyopigwa, walivyofungiwa na kutelekezwa kwenye nyumba na vituo, ripoti ikatoka na mapendekezo 222. Kwa hiyo kila shifti unaandika noti, na huandiki "alikuwa na hasira", unaandika alipiga meza mara mbili akasema toka. Ulichokiona na ulichokisikia. Mwalimu wetu alikuwa anarudisha karatasi kwa neno moja tu la kuhisi hisi, darasa zima tulimchukia, leo ndiye ninayemshukuru kila nikikabidhi shifti.

Halafu kuna jambo ajenti hatasema. Kuogesha, chooni, kubadilisha nepi za mtu mzima, hedhi ya mtu asiyeweza kujihudumia. Mteja anaruhusiwa kuchagua anataka mhudumu wa kike au wa kiume, ila wewe utapangiwa vilevile kazi hizi na ukisita mtu anaona usoni kwako. Kaa na mdogo wako umuulize waziwazi kabla hujauza kiwanja. Na ushauri wangu, kabla hajalipa hata senti aombe kujitolea wiki kadhaa hapo hapo Dar, kuna shule kama Uhuru Mchanganyiko yenye watoto wenye ulemavu, kuna CCBRT pale Msasani, wakimkubalia atajua kama moyo wake upo, na kwenye yale maswali ya viza atakuwa na kitu chake cha kuandika.

Malipo hayana shida, wikendi na usiku rate inapanda, na ukiwa kibarua wa kuitwa wakikuhitaji wanakuongezea asilimia 25 juu kwa kuwa huna likizo ya malipo. Shida ni wale wanaokwambia ufungue namba ya biashara ukajiite mkandarasi wakati ratiba wanapanga wao na bosi ni wao. Kampuni moja ndogo niliyoanzia ilijaribu hivyo, nikipata ajali ya mgongo ni juu yangu na mafao ya uzeeni hawachangii. Nikagoma. Wanafunzi wengi hawagomi kwa kuogopa viza, na hao jamaa wanalijua hilo.

Karatasi za kuanza nazo, cheti cha polisi cha Tanzania achukue kabla hajaondoka, chanjo zake ziwe na kadi hasa homa ya ini B, kule atafanya huduma ya kwanza na ule uchunguzi wa rekodi za wafanyakazi wa NDIS ambao bila huo wateja wengi huwagusi. Na leseni ya gari, hili wengi wanalipuuza. Shifti nyingi ni za kumpeleka mteja hospitali, sokoni, bwawani, tangazo la kazi linataka leseni na mara nyingi gari. Kule wanaendesha kushoto kama sisi na leseni yetu ina Kiingereza, kwa hiyo akisubiri viza aende VETA au shule yoyote ya udereva inayoeleweka, aendeshe kweli Mandela Road na foleni yake, asinunue.