Darubini ya bei nafuu kwa mtazama ndege: nenda dukani na rula

Darubini yangu ya kwanza niliinunua Mombasa kwa shilingi 2,500, kwenye duka la redio na tochi. Ubavuni iliandikwa 30x60 kwa rangi ya dhahabu, na vioo vyake vya mbele vilikuwa vyekundu kama taa za nyuma za gari. Muuzaji akaniambia, "Kwa hii, kaka, unaona mpaka Pemba." Nikaamini. Pesa zenyewe nilikuwa nimezidunduliza miezi mitatu.

Wiki hiyohiyo nikaingia nayo msitu wa Arabuko-Sokoke, nikimfuata mzee mmoja wa Gede aliyekuwa akinifundisha kazi ya kuongoza wageni. Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, lakini ndani ya vile vichaka vilivyobanana bado kulikuwa na kiza. Mzee akasimama, akainua kidole polepole. Hatua kama kumi mbele yetu alikuwepo bundi wa Sokoke, ndege wa sentimita 16 hivi. Wataalamu walimpa jina mwaka 1966 tu, na anajulikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya na kwenye miteremko ya Usambara Mashariki huko Tanzania. Kuna watu husafiri kutoka Ulaya kwa ajili yake peke yake.

"Umeyaona masikio?" mzee akaninong'oneza.

"Naona kitu cha kahawia, mzee."

Akavua yake shingoni. "Hebu shika hii, mwanangu."

Yake ilikuwa kuukuu, mpira umebanduka upande mmoja, imeandikwa 8x42. Nilipoiweka machoni nikaona vishungi viwili vya manyoya juu ya kichwa, jicho moja la njano limefunguka nusu, na sisimizi akipita kwenye kitawi karibu kabisa na kucha zake. Kwa ile yangu ya "mara 30" sikuwa nimejua hata kichwa kiko upande gani.

Tangu siku hiyo nimeshika darubini nyingi, za wageni na za wenzangu, na hapa namwandikia mtu aliye kama nilivyokuwa mimi: ana pesa za kununua mara moja tu, na akikosea atakaa na kosa lake miaka.

Namba ya kwanza ubavuni ni ukuzaji, yaani ndege anasogezwa mara ngapi. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa kile kiduara cha mwanga kinachotoka nyuma na kuingia jichoni. 8x42 inakupa milimita 5 na kidogo. 10x25, zile ndogo za mfukoni, zinakupa 2.5. Mboni ya jicho mchana wa jua kali hubana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo ufukweni saa sita hutaona tofauti kubwa. Ingia msituni alfajiri, mboni ipanuke ifike 5 au zaidi, na kile kidarubini cha mfukoni kitakuonyesha vivuli tu. Sisi watazama ndege saa zetu ni alfajiri na magharibi, na mwanga ndio unaoadimika saa hizo.

Nilipofika nyumbani niliipima ile yangu kwa rula. Kioo cha mbele kilikuwa milimita 35, wala si 60. Nikaielekeza kwenye anga jeupe, nikaishika mbali na uso, nikapima kiduara cha nyuma: milimita 4. Thelathini na tano gawanya kwa nne, hata 9 haifiki. Ile 30 ilikuwa rangi tu ya dhahabu. Ndiyo maana nasema nenda na rula. Ukiona 30x60, 60x60 au zile za kukuza kuanzia 10 hadi 180, rudisha mezani bila kubishana na mtu. Hata kama 30 ingekuwa ya kweli, usingeweza kuishika kwa mikono, maana kila mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara 30. Kwa watu wengi mkono huanza kuonekana unatetema kwenye 10, na kuanzia 12 utataka kishikio cha miguu mitatu cha kuisimamishia.

Basi 8 au 10? Mimi naishi mahali panapozihitaji zote mbili. Upande mmoja nina msitu, upande wa pili nina hori la Mida, ambako kuanzia Agosti hadi Aprili vitwitwi wa kutoka Asia na Ulaya hujaa kwenye matope maji yakitoka. Wageni wengi huniambia Mida inataka 10 kwa sababu ndege wako mbali. Ni kweli kiasi, lakini nikilazimishwa kubaki na moja nachukua 8x42. Yenye 8 huonyesha upana wa mita 120 hadi 140 ukitazama kitu kilicho mita 1,000. Yenye 10 huonyesha kama 100 hadi 115. Ukimtafuta chozi wa Amani juu kwenye vilele vya miti ya mrihi, ndege asiyetulia hata sekunde tatu, zile mita za ziada ndizo zitakazokupa ndege. Na kwa Mida, maji yakianza kujaa ndege husukumwa kuja kwako. Subiri tu pale kwenye daraja la mbao.

Tena Mida imenifunza kwamba uwazi una thamani kuliko ukubwa. Kuna aina mbili za vitwitwi wa mchanga pale, mkubwa na mdogo, na wakati wa manyoya yao ya kijivu wanafanana kama mtu na nduguye. Unawatofautisha kwa urefu wa mdomo na kwa miguu: mdogo ana miguu ya kiza, mkubwa ya kijani inayoelekea njano. Darubini mbovu huweka mstari wa zambarau kila penye mpaka wa kitu cha kiza na mwanga, na ndege wote wakawa na miguu myeusi. Ukikuza kosa mara 10 badala ya 8, limebaki kosa.

Wanaotaka darubini ya uwindaji nao huniuliza. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo nasema niliyoyapata kwa binamu yangu, aliyefanya kazi ya kufuata nyayo kwenye kitalu cha uwindaji kusini mwa Tanzania. Yeye pia anashika 8x42, na sababu zake zimenikaa. Sheria ya Tanzania inataka simba anayewindwa awe dume aliyefikisha miaka 6, na njia mojawapo ya kukisia umri ni pua: simba mdogo ana pua ya waridi, na madoa meusi huongezeka kadiri anavyozeeka. Sasa fikiria kusoma madoa ya pua ya simba aliyejilaza kivulini, jua linazama. Hapo mtu anaamua uhai wa mnyama kwa kutegemea vioo viwili. Mwindaji mwenye leseni lakini asiye na darubini nzuri mimi simwelewi kabisa. Ile ya kwenye bunduki haifai kwa kukagulia, kwani ukikagua nayo umekwisha kulenga usichokijua. Uzito pia ni jambo. Darubini ya 42 ina kama gramu 650, nyingi za 10x50 hukaribia kilo, na kilo shingoni kutwa nzima si mchezo. Tafuta kamba ya kuvuka mabega, acha ile ya shingo.

Kuhusu pesa: darubini ya kweli, mpya, huanza dola 100 hivi na kufika 200 kwa mtu wa kawaida. Nilizozitumia na kuridhika nazo ni Celestron Nature DX 8x42 na Nikon Prostaff ya 8x42. Nikon Aculon ni nafuu na picha yake ni safi kwa bei hiyo, ila haizuii maji, na sisi wa pwani unyevu ni adui wa kila siku. Hapa niseme jambo la maumbo. Zile zenye mabega mapana, za mtindo wa zamani, ni rahisi kutengeneza vizuri, kwa hiyo kwa pesa ndogo hutoa picha bora kuliko zile nyembamba zilizonyooka. Lakini za bei nafuu mara nyingi huvuta hewa kila ukizungusha gurudumu, na hewa ya huku kwetu Watamu ina chumvi. Ukiishi bara, mahali pakavu, chukua za mabega bila wasiwasi. Huku kwetu ongeza kidogo upate iliyofungwa isiingie maji na kujazwa naitrojeni, gesi inayozuia ukungu ndani ya vioo.

Dukani fanya hivi. Ishike mbali na uso, itazame ile miduara ya nyuma: ikiwa mviringo kamili, prizimu, yaani vile vioo vya ndani vinavyogeuza picha, ni za kioo kizuri kiitwacho BaK-4; ikiwa kingo zimekatwa kama mraba wenye kivuli, wamebana matumizi. Itazame taa ikijiakisi kwenye kioo cha mbele: mng'ao hafifu wa kijani au zambarau ni mzuri, mweupe mkali ni mbaya, na vioo vyekundu umekwisha kusikia habari zake. Kwenye boksi tafuta maneno "fully multi-coated", yaani vioo vyote vimepakwa tabaka kadhaa za kupitisha mwanga. Halafu toka nje, itazame waya wa umeme au ukingo wa paa, uirudishe nyuma polepole kutoka machoni. Mstari ukigawanyika ukawa miwili, mapipa hayako sawa. Utapata maumivu ya kichwa ukidhani ni jua. Kama unavaa miwani, shusha vile vikombe vya mpira na uhakikishe unaiona duara nzima. Usipoiona, hiyo si yako.

Za mkono wa pili zina bahati zake. Mulika tochi kupitia kioo cha mbele, utazame ndani: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni ukungu, nao huku pwani hauponi.

Ukishanunua, ipatanishe na macho yako kabla ya kuilaumu. Ziba upande wa kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione wazi. Kisha ziba kushoto, zungusha pete ya jicho la kulia, gurudumu usiliguse. Nimekutana na wageni waliokaa na darubini ghali miaka mitano bila kuigusa hiyo pete.

Na vioo visifutwe kwa pindo la shati au kanga. Mchanga wa huku unakwaruza. Puliza kwanza, kisha brashi laini, kitambaa cha miwani mwisho kabisa. Usiku mimi yangu naifungia kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Aliye karibu na Watamu au Gede na anataka kununua ya mkono wa pili, aje nayo Mida maji yakitoka. Rula na tochi ninazo, na vitwitwi wa kujaribia wapo mpaka Aprili.