PCR husoma DNA?

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha sita, Tanga. Kaka yangu anasema PCR ndiyo inayosoma DNA herufi kwa herufi. Ni kweli? Na mbona DNA haiungui ikichemshwa hadi sentigredi 95?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako kachanganya kazi mbili. PCR, mbinu ya maabara ya kuzidisha kipande cha DNA, inanakili. Kusoma, yaani kujua mpangilio wa herufi zake (kemikali nne, A, T, G na C), ni shughuli nyingine, na mara nyingi wala haihitajiki: makohozi yakipimwa TB kwa mashine ya GeneXpert, inayotumia PCR, kinachotafutwa ni kipande fulani tu cha DNA ya bakteria, basi.

Kuhusu joto: kwenye 95 nyuzi mbili za DNA zinaachana tu. Tukishusha hadi 55 hivi, praima, yaani vipande vifupi vya herufi kama 20 tulivyoviagiza, vinanasa pale tunapopataka. Tukipandisha hadi 72, kimeng'enya, protini inayofanya kazi ya kunakili, kinajenga uzi wa pili. Moja imekuwa mbili. Rudia mara 30, na kwa hesabu una nakala zaidi ya bilioni.

Kinachokufa kwa joto la 95 ni kimeng'enya cha kawaida. Zamani walilazimika kuongeza kipya kila mzunguko, adhabu tupu, hadi walipotumia cha bakteria Thermus aquaticus, aliyepatikana kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Kary Mullis, aliyebuni PCR mwaka 1983, alipewa Nobeli mwaka 1993. Bakteria hakupewa kitu.

Kusoma sasa. Njia ya Frederick Sanger ya mwaka 1977 ingali inatumika. Unanakili tena, ila unachanganya herufi chache zisizoweza kuungwa na inayofuata. Ikiingia moja, uzi unakomea hapo. Unapata vipande vya kila urefu, na siku hizi kila kimoja kina rangi ya herufi yake ya mwisho. Vinavutwa kwa umeme ndani ya jeli, kifupi kinatangulia, mashine inasoma rangi zinavyopita. Baada ya herufi 800 hivi mchoro unaanza kuvurugika.

Turudi kwenye PCR. Mimi huku maabara nikitoa jeli, ambayo nakala za DNA huonekana juu yake kama mistari, kichupa ninachokiangalia kwanza ni kile kisicho na DNA, chenye maji badala yake. Kikionyesha mstari, kuna uchafu umeingia, na majibu ya vichupa vyote vya mkupuo huo hayatoki, hata kama mwenye sampuli amekaa nje anasubiri. Vijana wageni kazini hunung'unika kwamba tunamaliza kemikali kupima maji. Mkienda kutembelea maabara, ombeni kuonyeshwa hicho.