Kwenda Santiago kwa Miguu: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni wanajumuiya 12, wengi tumeshavuka miaka 50, na tunajiandaa kwenda Hispania mwaka 2027 kwa hija ya Mtakatifu Yakobo. Wakala ametupangia siku tano za kutembea, Sarria hadi Santiago de Compostela. Je, zinatosha?
Katibu wa jumuiya, Kibosho, Moshi

Milele, amina. Kufika mtafika, ila mtapita mbio mahali penye mengi ya kuona. Kutoka Sarria hadi Santiago ni kama kilomita 115, na ratiba ya siku tano kwa kawaida hugawanywa hivi: Portomarín kilomita 22, Palas de Rei 25, Arzúa 29, O Pedrouzo 19, Santiago 20. Tatizo ni siku ya tatu. Zile kilomita 29 ni za kushuka bondeni na kupanda, kushuka tena na kupanda tena, na zinakuta malengelenge ya siku mbili za mwanzo yameshaiva. Ndipo wengi wanapoita teksi. Mwambieni wakala aigawe siku hiyo ya tatu iwe siku mbili. Mlale Melide, kilomita 15 kutoka Palas de Rei, mle pweza wa kuchemsha ambaye mji ule unasifika kwaye, kesho yake mmalizie 14 zilizobaki.

Kama viza na fedha vinaruhusu, anzieni Triacastela badala ya Sarria. Mwisho wa kijiji kile njia inagawanyika. Kulia ni San Xil, kama kilomita 18 hadi Sarria, na wengi huenda huko kwa sababu ni kufupi. Kushoto ni Samos, kama kilomita 25, njia inayofuata bonde la mto chini ya miti. Nendeni Samos. Kuna monasteri ya Wabenediktini ambayo chimbuko lake ni karne ya 6, na hatua chache kutoka hapo kuna kikanisa kidogo cha mawe, kimesimama chini ya msaiprasi mrefu. Kwa umri wenu gawanyeni siku mbili: kilomita 10 hadi Samos, mlale, kisha 15 hadi Sarria.

Mwaka mliochagua una uzito wake. Tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, mwaka 2027 itaangukia Jumapili, hivyo ni Mwaka Mtakatifu wa Santiago. Wa mwisho ulikuwa 2021. Watu watakuwa wengi mno, hasa Julai na Agosti. Mei au Septemba ni afadhali. Hosteli za serikali ya Galicia, mkoa ulipo mji wa Santiago, hazipokei nafasi za kuwekewa. Anayetangulia ndiye anayelala. Watu 12 hamuwezi kubahatisha hivyo kila jioni, kwa hiyo wakala awawekee nafasi kwenye hosteli za binafsi mapema.

Shikamooni. Nimesikia kuna njia ndogo za mashambani pembeni ya njia kuu ya mahujaji, zenye magofu na makanisa ya kale. Mtu akichepuka hapotei?
Kijana wa Sakina, Arusha

Marahaba. Hapotei akijua kusoma alama. Njia ya mahujaji ina mshale wa njano na ganda la kombe. Fuata mshale, usifuate upande ambao ganda limeelekea, kwa maana mikoa haikubaliani jinsi ya kuliweka. Ndani ya Galicia kuna pia nguzo fupi za mawe zenye idadi ya kilomita zilizobaki hadi Santiago.

Ukichepuka, alama zinabadilika, na hapa ndipo watu huchanganya. Njia ndefu za matembezi nchini Hispania zina mistari miwili, mweupe na mwekundu. Njia fupi za siku moja zina mweupe na njano. Zile za kijijini, zisizozidi kilomita 10, zina mweupe na kijani. Mistari sambamba maana yake endelea. Ikipinda, kona iko mbele. Ikikatana kama alama ya kosa la mwalimu kwenye daftari, umekosea, rudi. Rangi ya njano ipo kwenye mshale na kwenye njia fupi pia, kwa hiyo angalia umbo kabla ya rangi.

Machepuko matatu tunayoyapendekeza yote yapo kati ya Sarria na Palas de Rei. La kwanza halihitaji hata kuacha mji. Portomarín ya zamani ilifunikwa na maji ya bwawa la Belesar miaka ya 1960, na kabla ya hapo kanisa la San Juan lilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya mlimani. Sogea karibu na ukuta utaona namba zilizoandikwa kwenye mawe ili mafundi wajue lipi linarudi wapi. La pili ni Castromaior, baada ya Gonzar. Ukimaliza kilima kilichopo baada ya kijiji, chepuka kushoto mita mia chache: ni boma la watu waliokaa pale kabla ya Warumi, na kuta za vyumba na mahandaki ya ulinzi bado yanaonekana wazi. Mahujaji wengi hulipita bila kujua lipo. La tatu ni kanisa la Vilar de Donas, kama kilomita mbili na nusu nje ya njia, lenye michoro ya ukutani ya karne ya 15 na makaburi ya mashujaa wa Shirika la Mtakatifu Yakobo. Muulize mwenye hosteli asubuhi kama litakuwa wazi, kwa sababu kwenda na kurudi ni kilomita tano.

Vichochoro vya huko vimechimbika kati ya kuta za mawe, na mvua ikinyesha vinageuka mifereji. Mawe ya matale yakilowa yanateleza kuliko tope. Kanyaga kwa unyayo wote, hatua fupi.

Nina miaka 61, natembea kwenda shamba kila siku. Nahitaji mazoezi ya ziada? Na je, viatu vya mtumba vitafaa?
Mwalimu mstaafu, Marangu

Mwinuko usikutishe, Mwalimu. Sehemu ya juu kabisa kati ya Sarria na Santiago haizidi mita 800, na lango la Marangu lipo juu ya mita 1,800. Kinachokosekana ni mazoezi ya kutembea siku baada ya siku. Anza wiki 12 kabla. Siku mbili za katikati ya wiki tembea kilomita 6 hadi 8, Jumamosi moja ndefu ianzie 10 na iongezeke kilomita moja au mbili kila wiki. Wiki tatu za mwisho tembea Jumamosi 20 na Jumapili 15 baada ya misa, ukiwa na begi lako lenye uzito uleule. Begi lisizidi asilimia 10 ya uzito wako.

Kwa mazoezi hayo huna haja ya kulipa kiingilio cha hifadhi ya Kilimanjaro. Nenda Kilema, kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1890, au panda Old Moshi hadi Kidia, eneo alilonyongewa Mangi Meli mwaka 1900. Usirudi kwa daladala. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti na kufanya kucha ziwe nyeusi, kwani mguu unateleza mbele ndani ya kiatu. Kaza kamba za kwenye kifundo kabla ya kila mteremko, na kata kucha zikiwa zimenyooka.

Mtumba wa soko la Memorial, Moshi, unaweza kufaa, lakini kagua soli. Viatu vingi vya mlimani vina sponji ya plastiki kati ya soli na ngozi, na sponji hiyo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini. Kinaonekana kipya, kilomita ya 30 soli inabaki njiani. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikiacha shimo, ikimeguka au ikiwa na nyufa, rudisha. Pima jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi nene, na ubakize upana wa kidole mbele. Soksi ziwe za sufu au nailoni. Pamba inashika jasho, ngozi inalainika, msuguano unaifanya ivimbe lengelenge. Ukihisi joto mahali pamoja, simama hapohapo ubandike plasta.

Tunahitaji viza gani, na cheti cha hija kinapatikanaje?
Msomaji wa Rau, Moshi

Viza ni ya Schengen, kupitia ubalozi wa Hispania, Dar es Salaam. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Msisubiri ibaki miezi miwili. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Kwa tiketi wekeni nafasi tu, msilipie kabla ya viza.

Cheti hutolewa bure kwa aliyetembea angalau kilomita 100, akithibitisha kwa pasi ya hija yenye mihuri miwili kila siku. Mihuri ipo makanisani, hosteli na migahawani. Gongesheni wa kwanza asubuhi, kwa maana jioni watu huchoka wakasahau. Mkifika, hifadhini mabegi kwanza. Hayaruhusiwi ndani ya kanisa kuu, na wengi hukosa misa ya mahujaji ya saa sita mchana wakitafuta pa kuyaacha.