Maswali yenu: kamera begani, kinanda mezani

Filamu yangu ya hali halisi ina dakika 52. Napiga picha, nahariri na kutunga muziki mwenyewe. Tayari nina dakika 40 za muziki, lakini kila nikikata picha muziki unavurugika. Nakosea wapi?

Umetunga mapema mno, na umetunga mwingi mno. Kabla picha hazijafungwa, yaani kabla hujaamua kwamba hakuna mkato utakaosogea tena, tunga viini tu: melodi mbili tatu, na uamuzi wa ala zipi zitumike. Muziki wa urefu kamili unasubiri picha.

Picha zikishafungwa, itazame filamu nzima bila muziki wowote. Andika dakika, sekunde na fremu muziki unapoingia na unapotoka, na pembeni neno moja la sababu. Sababu ikikosekana, pabaki kimya. Sisi tungeanza na nusu ya hizo dakika zako 40, kwa sababu muziki usiokatika haumwambii mtazamaji lipi ni zito na lipi ni jepesi.

Mkato ukisogea hata baada ya hapo (na utasogea), usiukate muziki, badilisha kasi yake. Tuseme kipande kina sekunde 40 kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika. Hayo ni mapigo 80. Picha ikipungua nusu sekunde, mapigo hayohayo 80 yaenee ndani ya sekunde 39.5, na kasi inakuwa kama 121.5. Hakuna atakayeshtuka. Kipande cha sekunde 10 kikipoteza nusu sekunde hiyohiyo, kasi inapita 126 na msikilizaji anahisi muziki unakimbizwa. Hapo ni afadhali uondoe pigo moja zima pale melodi inapopumua. Hesabu hii inafaa muziki ulio bado ndani ya programu. Ngoma au gitaa lililokwisha kurekodiwa ukilivuta sana linakwaruza, ndiyo maana ala za kupigwa kwa mkono hurekodiwa mwisho.

Na kama unataka muziki wa kushikilia nafasi wakati wa kuhariri, tumia kazi zako za zamani. Ukikaa wiki sita na wimbo wa mtu mwingine, sikio litauzoea, na chochote utakachotunga baadaye utakiona pungufu.

Watu wanalalamika kuwa hawasikii anayehojiwa. Nimepunguza muziki mpaka karibu hausikiki, bado wanalalamika.

Tatizo si ukubwa wa sauti, ni mahali melodi ilipokaa. Konsonanti, zinazotufanya tutofautishe "pata" na "kata", zinategemea sana masafa ya kati ya hezi 2,000 na 4,000. Filimbi au fidla ikicheza juu, mlio wake unajaa hapohapo. Shusha melodi oktava moja, au iache inyamaze mtu anapozungumza na irudi akinyamaza. Selo nayo ina mtego wake: inagongana na sauti nzito ya mwanamume, hasa ikicheza melodi. Noti ndefu zisizobadilika haziudhi.

Halafu jaribu kwa spika ya simu, sauti ikiwa chini. Spika hiyo haitoi besi ya maana, kwa hiyo muziki ulioegemea besi peke yake unatoweka wote. Kama hukurekodi angalau sekunde 30 za ukimya wa chumba cha mahojiano, rudi ukarekodi. Ukimya huo ndio unaoziba mashimo ya mikato, muziki usitumike kwa kazi hiyo.

Muziki wangu wa dakika tatu unaisha sekunde 15 kabla ya picha, na noti zote zinasikika juu zaidi. Kwa nini?

Umeutoa kwa kilohezi 44.1, yaani sampuli 44,100 za sauti kwa kila sekunde, na mradi wa video unausoma kana kwamba ni 48. Sekunde 180 zinakuwa kama 165, na sauti inapanda karibu nusutoni moja na nusu. Usiunyooshe. Utoe upya kwa kilohezi 48 na biti 24.

Mtayarishaji ananipa mkataba mmoja wa uongozaji na muziki, wenye maneno "haki zote". Nitie saini?

Omba kazi hizo mbili zitenganishwe, kila moja na malipo yake. Zikifungwa pamoja, kwa kawaida muziki ndio unaoonekana umetolewa bure. Muziki wenyewe una haki mbili: ya utunzi, na ya ile rekodi. Mtayarishaji anahitaji ruhusa ya kuutumia ndani ya filamu. Hahitaji fungu lako la mirabaha ya mtunzi, yaani malipo unayopata kazi yako inapotangazwa. Aking'ang'ania kununua kila kitu, bei ipande na sentensi moja iongezwe: fungu la mtunzi linabaki kwako.

Wapigaji waliokusaidia wasaini idhini siku ya kurekodi, wakati bado mnacheka pamoja. Vipande vya muziki ulivyopakua navyo vikague leseni, maana baadhi haviruhusu utangazaji. Kisha jaza orodha ya muziki uliotumika: jina la kipande, urefu kwa sekunde, mtunzi, mchapishaji kama yupo, na kama kinasikika ndani ya tukio (redio inayolia mezani, kwa mfano) au kimewekwa juu yake. Mikono yako yote miwili ikiwa na kazi, karatasi hii ndiyo husahaulika, na bila hiyo chama cha hakimiliki hakijui mirabaha ya utangazaji imwendee nani. Mpe mtayarishaji nakala pamoja na filamu yenyewe, na chama chako kipate yake kabla ya onyesho la kwanza.