Tela la jeshi haliongezewi nguvu kwa kuongezewa chuma

SWALI: Nimenunua Dar es Salaam tela dogo la jeshi la Marekani, aina ya M416, nami nataka kuligeuza liwe la kupigia kambi, nilivute kwa Land Cruiser yangu ya mkonga kutoka hapa Urambo hadi Mto Ugalla na hifadhi ya Katavi. Nakusudia kujenga juu yake boksi la bamba la chuma la milimita 3, lenye urefu wa mita 1.8, upana wa mita 1.1 na kimo cha sentimita 50, kisha niweke tangi la maji la lita 150, hema la juu, friji na betri yake, na mtungi wa gesi wa kilo 15. Fundi wa hapa ameniambia kuwa tela la jeshi halishindwi na mzigo, na kwamba akiongeza mabamba matatu ya springi kila upande na kuizungushia chesisi chaneli, yaani vyuma vyenye umbo la U, kazi imekwisha. Je, ninunue chaneli ya ukubwa gani? — Msomaji, Urambo.

JIBU: Ndugu msomaji, sitakutajia ukubwa wa chaneli, kwa sababu chaneli yoyote itakayozungushiwa tela hilo kwa namna uliyoelezwa italidhoofisha. Swali lako linanifikia karibu kila kiangazi hapa Tabora, mara kwa tela la Marekani, mara kwa yale ya Uingereza yaliyotengenezwa na Sankey, na kila mara nyuma yake yupo fundi aliyemhakikishia mwenye mali kwamba cha jeshi hakishindwi. Jeshi lenyewe halikuamini hivyo. M416 liliundwa livutwe na jipu, likahesabiwa kuwa tela la robo tani, na kikomo cha mzigo wake kwenye njia mbovu kiliwekwa kuwa ratili 500, yaani kilo 227. Likiwa tupu lina kilo 260 hivi.

Sasa tuupime mpango wako kwa kikomo hicho. Bamba la milimita 3 lina takriban kilo 23.5 kwa kila mita ya mraba, na boksi lako, kuta nne pamoja na kifuniko, linahitaji karibu mita za mraba 4.9, hizo ni kilo 115 kabla ya fremu, bawaba na makufuli. Maji ni kilo 150. Hema la juu tulikadirie kilo 60, betri ya asidi ya Ah 100 kilo 30, friji yenye vyakula kilo 40, na mtungi wa gesi ya kilo 15 ukijaa hufika kilo 30 hivi, kwa kuwa chuma cha mtungi nacho kina uzito wake. Jumla ni kilo 425, na bado hujapakia jiko, viti, koleo wala tairi ya akiba.

Hapo ndipo fundi wako anapoleta mabamba ya springi, na hapo ndipo ninapokosa subira. Mzigo wa tela haubebwi na springi peke yake. Unapita kwenye tairi, beringi, ekseli, springi, mabano yanayoishika springi, chesisi, hadi kwenye shingo inayoungana na gari. Ukiongeza mabamba umebadilisha sehemu moja tu, na zilizobaki zimebaki na uwezo uleule, ila sasa zinapigwa zaidi, kwa sababu kazi ya springi ni kuumeza mshtuko, na springi ngumu haiumezi bali huupitisha juu kwenye chesisi. Tela linasimama wima na kupendeza machoni likiwa uani, mwenyewe anaridhika, na kumbe kila wimbi la barabara ya changarawe linagonga mabano na shingo moja kwa moja. Wapo pia wanaozipasha springi moto kwenye mkaa ili wazikunje upya. Chuma cha springi kikishapata moto wa namna hiyo bila kurudishiwa ugumu wake kwa utaratibu wa kiwandani, kimepoteza kile kilichokifanya kiwe springi. Wala springi haichomelewi, hata kwa kijiti kimoja.

Kuhusu chaneli, elewa kwamba chesisi ya tela jepesi imekusudiwa kunyumbuka kidogo. Ukiifunga kipande kigumu, unyumbukaji wote unahamia pale kipande kinapoishia, na mara nyingi pale ndipo fundi alipopitisha mchomeleo wa kukatiza upande wa chini wa chuma. Ufa huanzia hapo hapo, pembeni mwa mchomeleo, mwembamba kama unywele, na hauonekani mpaka shingo ikatike. Kama pana sehemu inayohitaji kweli kiraka, kiraka hicho kikatwe ncha zilizochongoka, kichomelewe kwa kufuata urefu wa chuma, na mwisho wa kiraka uachwe bila mchomeleo wa kukatiza.

Kabla ya yote hayo, toa rangi kwenye maeneo mawili: pale shingo inapoingia chini ya sanduku la tela, na kwenye mabano yote ya springi. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, paka mafuta ya taa, subiri dakika kadhaa, pangusa mpaka pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Kipimo hiki kinahitaji kibaba cha mafuta na kipande cha chaki tu, na bado mafundi wengi hawakifanyi, wanakimbilia kuchomelea.

Dawa ya tela lako ni kulipunguzia uzito. Boksi hilohilo kwa bamba la milimita 1.5 lina kilo 57 hivi, na kwa alumini ya milimita 2 halifiki 30. Beba lita 40 za maji kwenye madumu mawili na mengine yakae ndani ya gari, chukua mtungi wa gesi ya kilo 6, na hema lihamie juu ya gari ikiwa paa linaruhusu. Hata ukibaki na boksi la chuma, mzigo unashuka hadi kilo 180 hivi, na nafasi ya vyombo vidogo inabaki. Iwapo unazitaka zile 425, basi tafuta ekseli nyingine yenye breki, iliyopimwa na mtengenezaji wake kwa uzito huo, pamoja na chesisi inayolingana nayo. M416 lina breki ya mkono ya kuegeshea tu.

Pakia vizito juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kisha pima uzito unaokaa kwenye pete ya kuvutia, tela likiwa limelala sawa. Mizani ya kupimia marobota ya tumbaku, ambayo huko Urambo hamkosi, inatosha kabisa. Kwa tela lenye jumla ya kilo 440, yaani 260 zake na 180 za mzigo, pete ionyeshe kati ya kilo 44 na 66. Pungufu ya hapo, tela litayumba nyuma ya gari mara mwendo unapoongezeka, na hakuna springi itakayolizuia.

Rimu za gari lako usizilazimishe. Rimu za M416 zina bolti tano kwenye duara la milimita 139.7, na Land Cruiser nyingi za mkonga zenye bolti tano ni milimita 150. Anayekuambia atapanua matundu, mwache.

Habu, yaani vitovu vya magurudumu vinavyokaa beringi, zifunguliwe, beringi zioshwe, zitiwe grisi mpya na sili mpya. Ukifika mtoni baada ya mwendo mrefu, subiri zipoe kabla ya kuingia majini, kwani habu ya moto ikipozwa ghafla huvuta maji kupitia sili, na beringi hufa siku chache baadaye, mbali na duka lolote.

Nawaomba na wengine wanaofikiria kununua matela haya wasikilize. Rangi mpya ya kijani si dalili ya utunzaji. Chini yake nimekuta puti iliyojazwa kwenye nyufa, mabano yaliyochomelewa juu ya kutu, na ekseli zilizonyooshwa kwa moto. Muuzaji akikataa usisugue rangi hata mahali padogo kama kiganja, usinunue. Na fundi anayetaja bei ya kuimarisha kabla ya kuuliza utabeba kilo ngapi, utapita njia gani na utavuta kwa gari lipi, usimkabidhi chombo kitakachokwenda barabarani nyuma ya familia yako na mbele ya magari ya watu wengine.