Kwa nini mshipa bandia haufunikwi wote na seli za mwili

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini mshipa bandia aliowekewa mama yako mkononi kwa ajili ya kusafishwa damu bado unaweza kuziba, ilhali ulisoma kwamba mwili huutandika kwa seli zake wenyewe. Nimefanya kazi ya kukuza seli hizo maabara, nami najibu kwa niliyoyaona.

Habari uliyosoma ni ya kweli kwa baadhi ya wanyama wa majaribio. Kwa binadamu, seli za endotheli, yaani zile zinazofunika ukuta wa ndani wa mshipa, hutambaa kutoka kwenye mshono unaounganisha mshipa bandia na mshipa wa asili kwa takriban sentimita moja au mbili, kisha hukwama, na sehemu ya katikati hubaki na utando wa fibrini, yaani protini ya damu iliyoganda, hata baada ya miaka.

Tulizitoa seli hizo kwenye vena (mshipa unaopeleka damu kwenye moyo) ya kitovu. Juu ya plastiki iliyopakwa gelatini, kesho yake zilikuwa zimejitandaza na kushikana kama vigae vya sakafu. Juu ya Teflon tupu, plastiki ambayo mishipa bandia mingi hutengenezwa kwayo, zilibaki za mviringo, zimejikunyata mafungumafungu, na nyingi zilibanduka tulipobadilisha tu maji ya lishe. Teflon hukataa maji, na protini zinazoigandia haziipi seli mahali pazuri pa kujishikiza. Tulipoipaka fibronektini, protini inayozisaidia seli kushika, zilitulia.

Hata hivyo kushika katika sahani iliyotulia si kipimo cha kutosha, na hapa ndipo naona taarifa nyingi zinapotia watu matumaini ya mapema. Pampu ilipoanza kusukuma maji kama damu inavyopita mshipani, tandiko lililoonekana kamili lilitoboka, na seli zilizobaki zikarefuka kufuata mkondo. Ndiyo maana naithamini kazi ya Peter Zilla na wenzake huko Vienna, ambao kuanzia 1989 walikuza seli za mgonjwa mwenyewe mpaka zikafunika mshipa bandia wote kabla ya kuupandikiza, ingawa mgonjwa hulazimika kusubiri wiki kadhaa. Isitoshe, seli iliyosumbuliwa huacha kutoa prostasiklini na oksidi ya nitriki za kutosha, kemikali zinazozuia damu kuganda, ikaanza yenyewe kuchochea damu igande.

Kwa mama yako, mahali panapoziba mara nyingi ni pale mshipa bandia unapoungana na vena, ambapo seli za misuli huota kupita kiasi na kubana njia. Aguse mkono wake kila siku asikie mtetemo. Ukidhoofika au kutoweka, mpelekeni siku hiyohiyo anaposafishiwa damu.