Kampeni yenu ya Dungeons & Dragons kuwa filamu fupi

Ndugu, nimekuelewa: mmecheza muda mrefu mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, sasa unataka kampeni yenu, yaani hadithi mliyoijenga kikao baada ya kikao, iwe filamu, lakini skripti inazidi kurefuka.

Usilazimishe kila kikao kiingie. Chagua usiku ule mhusika alipobanwa akaamua jambo zito, ujenge hapo. Dadu ziache mezani, ila kanuni zitumie kama vikwazo. Tazama Honor Among Thieves, filamu ya 2023 iliyotokana na mchezo huu: uchawi wa kuzungumza na maiti unaruhusu maswali matano tu, kama ilivyo mchezoni, na wahusika wanayamaliza ovyo makaburini. Hata asiyewahi kushika dadu anaelewa papo hapo na kucheka. Tafuta kanuni kama hiyo kwenye kampeni yenu, naamini ipo.

Wahusika watatu wanatosha.

Kuhusu haki, tafadhali usipuuze. Wenzako ndio waliobuni wahusika wao, kwa hiyo pata ridhaa yao kwa maandishi kabla ya kurekodi chochote. Majina na mazimwi ya Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha mchezo huu, yaache, buni yako. Mwaka 2023 walitoa sehemu ya kanuni za msingi kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu wengine kuzitumia wakitaja chanzo, lakini ukipanga kuiuza filamu, muone kwanza wakili wa hakimiliki.